Si kila kabati linastahili rangi

Dodoma ni mji wa watu wanaofika na kuondoka. Uamuzi wa kuufanya makao makuu ulipita mwaka 1973, ukakaa kwenye makaratasi zaidi ya miaka 40, hadi mwaka 2016 serikali ilipotangaza kwamba safari hii inahamia kweli. Tangu hapo malori ya vyombo hayajaacha kuingia. Na wanaoingia wengi kuna siku wanaondoka. Mtumishi akipata uhamisho wa kwenda Katavi, kabati la milango mitatu halimfuati, maana gharama ya lori inaweza kuzidi bei ya kabati lenyewe. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) akimaliza mitihani, kitanda na meza vinatafutiwa mtu harakaharaka. Wengine hawaendi mbali, wametoka tu kwenye chumba na sebule pale Chang'ombe wakahamia nyumba yao Iyumbu, na kochi la zamani hawataki hata kuliona. Samani za mkono wa pili zinapita mbele ya nyumba ninayokaa, Nkuhungu, juu ya kirikuu, zile pikapu ndogo, na maguta. Nyingine zinatangazwa kwenye magrupu ya WhatsApp ya mtaa, picha imepigwa gizani, maelezo ni maneno mawili: "Bado nzima."

Kwa hiyo vitu vipo, na bei zake mtu wa kipato cha kawaida anaziweza. Kinachopungua ni jicho. Wengi wananunua kwa kutazama uso wa kabati, rangi imebabuka au haijababuka, kisha wanakimbilia kopo. Nimepaka samani kwa miaka kadhaa sasa, nikaanza na zangu, baadaye za majirani na ndugu, na kadiri siku zinavyokwenda ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba kupaka ndiyo sehemu nyepesi ya kazi hii. Kichwa kinauma kwenye kuchagua: hiki kipakwe, hiki kiachwe na mbao yake, na hiki kibaki hukohuko kwa mwenyewe.

Ukifika kwa muuzaji, mwombe msaidiane kulilaza kabati chali, uone miguu. Kabati la Kitanzania linaumwa kuanzia chini, kwa sababu tunapiga deki kila siku na maji yanalala pembeni mwa ukuta. Mguu wa mbao halisi utakuwa mweusi kidogo, lakini ukiuchokonoa kwa ufunguo unakataa. Mguu wa chipibodi utakuwa umevimba, kingo zimefumuka, na ukibonyeza kwa dole gumba unaingia. Chipibodi ni vipande vidogo vya mbao vilivyobanwa kwa gundi. Vikishakunywa maji vinatanuka, na hata vikikauka havirudi vilivyokuwa. Unaweza kupaka rangi juu yake, ikapendeza, ukapiga picha. Deki chache baadaye rangi inapasuka palepale. Nikiona chipibodi iliyovimba, hata kama nauziwa elfu kumi, naaga.

Baada ya miguu, wadudu. Matundu ya duara ya milimita moja au mbili peke yake si kesi, pengine walishaondoka. Gonga ubao kwa kiganja. Ukidondoka unga mweupe laini, wako kazini, na ukinunua unawapeleka kwenye milango yako na kenchi za paa. Mchwa unawajua kwa vichuguu vyao vya udongo, na huku kwetu hawana simile. Sasa kuna jambo ambalo mafundi wengi hufanya kwa nia njema: wanapaka oili chafu ya gari nyuma na chini ya kabati ili mchwa wasisogee. Mchwa kweli wanasita, ila mbao iliyokunywa oili haishiki rangi tena, sehemu hiyo itamenyuka tu. Nusa. Oili chafu haijifichi.

Kwenye vitanda na makochi, tochi ya simu iwe mkononi. Angalia kwenye viungio, kwenye matundu ya skrubu, chini ya mishono. Vidoa vidogo vyeusi vilivyokusanyika pamoja ni kunguni, hata muuzaji akuapie kwamba hicho kitanda kilikuwa cha wageni na hakijalaliwa. Kitanda cha mbao kinaweza kuokolewa kwa kukifungua chote, kukimwagia maji yanayochemka kwenye kila kiungio, kisha kukianika. Kochi la sponji lenye kunguni mimi siligusi, na sioni aibu kusema hivyo mbele ya mwenyewe.

Halafu kuna ugonjwa ambao ni wa Dodoma hasa, nao ni viungio kulegea. Utasikia watu wakilalamika: "Hili kabati tulilitengenezesha Dar, tumelileta huku miezi sita tu, linacheza." Fundi wa Dar analaumiwa bure. Mbao haiachi kupumua hata ikishakuwa kabati, inavuta na kutoa unyevu kufuatana na hewa ya mahali ilipo. Kwenye hewa yenye unyevu wa asilimia 80, ambayo ndiyo hali ya pwani siku nyingi, mbao hutulia ikiwa na maji kiasi cha asilimia 16 ya uzito wake mkavu. Ipeleke kwenye hewa ya asilimia 40, na mchana wa kiangazi Dodoma unafika huko bila shida, inashuka hadi kama 8. Maji hayo yakitoka, ubao unasinyaa kwa upana, huku urefu wake ukibaki karibu vilevile. Paneli ya mlango yenye upana wa sentimita 40 inaweza kupoteza nusu sentimita au zaidi. Ndiyo maana mstari wa mbao isiyopakwa unajitokeza pembeni mwa paneli, ulimi unatoka kwenye tundu lake, na kiti kinaanza kulia ukikikalia.

Habari njema ni kwamba kabati likishakaa Dodoma miaka miwili mitatu limeshasinyaa linavyotaka kusinyaa. Ukiligundisha upya sasa, linakaa. Kwa hiyo kabati linalocheza halinitishi. Linanishushia bei.

Tuzungumze mninga, maana hapa ndipo ninapogombana na watu.

Mama mmoja wa nyumba ya pili aliniita nikaone shokesi yake, ya zamani, ya mninga mtupu, vanishi imekuwa nyeusi kwa miaka ya mikono na moshi wa jikoni. Alitaka nyeupe.

"Shikamoo mama. Lakini hii ni mninga."

"Marahaba. Najua ni mninga mwanangu, nimeinunua mwenyewe. Imenichosha."

"Ukipaka nyeupe itatoa uwekundu."

"Si utapaka tena?"

Nilimweleza ninachokijua. Mninga ukikatwa ukiwa mbichi unatoa utomvu mwekundu, na rangi hiyo haiishi kwenye mti hata ubao ukishakauka. Rangi ya maji ikiguswa na ubao huo inaiamsha, inapanda juu, na weupe unageuka kuwa wa njano au wa pinki, madoamadoa. Dawa ipo: unafunga kwanza kwa koti mbili za ile polishi ya mbao inayoyeyushwa kwa spiriti, ndipo upake. Lakini suala la ufundi ni dogo. Mninga ni mti wa misitu ya miombo, ya Tabora, Katavi na Manyoni, unakua polepole, na ubao wake leo ukiuliza bei unashika kiuno. Ukiufunika kwa rangi, siku ukitaka kuuza hakuna atakayekulipa bei ya mninga, watakulipa bei ya kitu cheupe. Tulimalizana hivi: tulichubua vanishi yote, tukapiga msasa, tukarudisha vanishi nyepesi isiyo na rangi, na ubao wa nyuma, ambao ulikuwa plaiwudi tu, tukaupaka nyeupe ili vikombe vyake vionekane. Alifurahi, ingawa mpaka leo ananiambia kwamba nilimnyima.

Kanuni yangu ni hiyo. Mninga, mvule, mkongo na mtiki huvuliwa nguo kuukuu na kupewa vanishi. Vigoda vya Kigogo vilivyochongwa kwenye gogo moja havipakwi chochote, tafadhali. Rangi ni ya msindano (paini), saiprasi, plaiwudi, na zile samani ambazo fundi alichanganya mbao tatu tofauti kisha akazifunika kwa rangi ya kahawia ili zifanane. Msindano hasa. Mashamba ya miti ya Sao Hill kule Mufindi yametujazia nchi mbao hizi, ni nafuu, nyepesi, laini kwa msasa, na kwa sura yake hakuna anayelia ukiifunika.

Kabati nitakalolisimulia ni la aina hiyo. Lilikuwa Area C, kwa dada mmoja aliyekuwa anarudi Dar. Treni ya umeme tangu ianze mwaka 2024 inamfikisha mtu Dar kabla hajachoka, lakini abiria hapandi na kabati.

"Dada, elfu tisini tu, sikufanyii biashara."

"Tisini, na droo haina mkono?"

"Mikono inauzwa dukani. Haya, lete themanini."

"Nina hamsini na tano, taslimu, na kirikuu iko nje inaunguruma."

Aliangalia kirikuu, akaangalia kabati, akasema sitini, na nimsaidie kumtolea na godoro lake nje. Kirikuu ilikula elfu kumi na tano hadi Nkuhungu.

Kwanza likaoshwa. Watu wanaruka hatua hii kwa sababu kabati "halionekani chafu". Mlango wa kabati ulioshikwa na mikono ya watu wanaopika una mafuta, na ukipiga msasa juu ya mafuta unayasukuma ndani ya mbao. Maji ya uvuguvugu, sabuni ya unga, kitambaa kilichokamuliwa vizuri, kisha maji safi. Usimwage ndoo, unafuta tu. Kwa Agosti ya Dodoma, lililooshwa asubuhi limekauka kabla ya adhuhuri.

Viungio vikafunguliwa, gundi ya zamani ikakwanguliwa kwa kisu, maana gundi mpya haishiki juu ya gundi kuukuu, vikatiwa gundi nyeupe ya mbao na kubanwa. Vibano vya chuma vya seremala ni ghali, na kwa kazi za nyumbani huvihitaji. Nenda kwa fundi baiskeli, mwombe tyubu iliyokufa, ichane vipande virefu vya upana wa vidole viwili. Zungushia kabati, vuta kwa nguvu kila unapozungusha, funga. Mpira unabana pande zote kwa pamoja na haukwaruzi. Ukiacha hadi kesho yake, kabati linasimama imara.

Mashimo na mikwaruzo niliziba kwa vumbi la msumeno lililochanganywa na gundi hiyohiyo. Vumbi omba kwa seremala yeyote, watakuchotea bure, chagua laini. Jaza hadi pavimbe kidogo, kwa sababu likikauka linazama. Lakini ule ufa ulio kati ya paneli na fremu ya mlango uache. Kiangazi unaonekana mpana na mkono unawasha kuuziba. Mvua zikianza Desemba paneli inavuta unyevu, inataka nafasi yake, na ikiikuta imezibwa inasukuma fremu mpaka kiungio kinaachia. Fundi aliyeacha nafasi hiyo alijua anachofanya.

Msasa. Namba ndogo ndiyo kali, na ukiomba tu "msasa" dukani watakupa chochote kilicho karibu, hivyo taja namba. Nilianza na 80 pale rangi ya zamani ilipokuwa inabanduka, 120 kwa mwili mzima, nikamaliza na 220. Fuata nyuzi za mbao, ukikatisha utaacha mikwaruzo ambayo rangi inayong'aa itaitangaza kwa kila mgeni. Zungushia msasa kwenye kipande cha ubao kinachojaa mkononi, vidole vitupu vinachimba mabonde. Huhitaji kuitoa rangi yote ya zamani. Iliyoshika sana, iache, iondoe mng'ao tu ili mpya ipate pa kung'ang'ania.

Hapo hapo niseme jambo ambalo mafundi hulichukulia kwa mzaha. Rangi za mafuta za zamani, hasa za njano, nyekundu na kijani, mara nyingi zilitengenezwa kwa madini ya risasi. Marekani iliipiga marufuku kwenye rangi za nyumba mwaka 1978, na sehemu nyingine ilidumu zaidi. Vumbi lake halina harufu ya kukustua, na anayeumia zaidi ni mtoto mdogo anayetambaa na kutia vidole mdomoni, kwa sababu risasi inagusa ubongo unaokua. Samani ukiona ni ya miaka mingi na hujui historia yake, tumia msasa wa maji, loweka, sugua ikiwa mbichi, futa tope kwa tambara na ulitupe. Vaa barakoa, tumebaki nazo nyingi tu. Na usifanye kazi hiyo pale kuku wanapodonoa na watoto wanapocheza, hata kama ndipo penye kivuli kizuri.

Msindano una vifundo, na vifundo vina utomvu ambao joto linauita. Ukipaka rangi moja kwa moja, baada ya muda utaona duara la njano limejitokeza katikati ya mlango, na ukipaka tena linarudi tena. Polishi ile ya spiriti, koti mbili nyembamba juu ya kila kifundo, inaunyamazisha. Nusu lita inatosha makabati mengi. Kisha andakoti, ile rangi ya kutangulia, koti moja kabati zima.

Kiasi gani cha rangi? Dukani atakuuzia lita nne ukimpa nafasi, kwa hiyo nenda na hesabu yako. Kabati langu lilikuwa na urefu wa mita 1.8, upana 0.9, kina 0.45. Mbele ni mita za mraba 1.62, pande mbili jumla yake 1.62 pia, juu 0.4. Jumla 3.6 na kidogo, na kwa koti mbili ni kama 7.3. Lita moja ya rangi ya mafuta kwa kawaida inapaka mita za mraba 10 hadi 12 kwa koti moja. Kwa hiyo lita moja inatosha na inabaki ya stuli. Nilichagua kijani cha giza, kisichong'aa sana. Nyeupe kwa Dodoma ni kujitafutia kazi ya kufuta vumbi, na isitoshe rangi nyeupe ya mafuta inageuka njano mahali pasipo mwanga. Ndani ya kabati ni giza mchana kutwa, hivyo ndani sipaki rangi ya mafuta kabisa: rangi ya maji, au mbao tupu iliyopigwa msasa.

Hali ya hewa ya hapa ni rafiki na adui kwa wakati mmoja. Mvua yetu ni milimita 500 hadi 600 hivi kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili, kwa hiyo miezi mingi unapaka bila wasiwasi wa unyevu. Anayepaka Tanga anaota siku hizo. Lakini kuanzia Juni upepo unaanza, na vumbi jekundu linaingia hata kwenye sukari iliyofunikwa. Rangi ya mafuta inabaki mbichi masaa mengi, inalikusanya lote. Ninachofanya ni kumwagia maji uwanja jioni, kisha naamka mapema. Kati ya saa kumi na mbili na saa tatu asubuhi upepo kwa kawaida bado umelala. Napaka barazani, kwenye kivuli, ikifika saa nne kabati limeshaingizwa ndani na mlango umefungwa. Juani usipake, uso unakauka kabla ya ndani, kisha unavimba malengelenge.

Koti ziwe nyembamba. Ukiona rangi inateremka kwenye mlango umeweka nyingi, irudishe kwa brashi wakati bado inakubali. Kati ya koti na koti pitisha msasa 220 kwa mkono mwepesi, futa vumbi kwa kitambaa chenye unyevu, subiri, paka tena. Rangi ya mafuta inataka usiku mzima katikati, usimsikilize anayekwambia masaa manne.

Rangi ya maji nayo ina tabia yake hapa. Hewa kavu inainyang'anya maji upesi, brashi inaanza kukwama na kuacha mistari. Ongeza maji kidogo, kifuniko cha chupa kwa kikombe, paka eneo dogo na ulimalize, usirudi nyuma kurekebisha. Uzuri wake ni kwamba mji huu unajengwa kila kona, na mafundi rangi wanabakiza makopo. Rangi ya maji ya silki, ile inayofutika, nimeipata kwa bei ya chai kutoka site za Nzuguni na Ilazo. Fungua kopo kabla hujalipa. Ikinuka uvundo, imeoza.

Kwa rangi hiyo iliyobaki unaweza kutengeneza ile rangi kavu isiyong'aa, inayoshika hata bila msasa mwingi. Mwingereza Annie Sloan aliitoa mwaka 1990 na kuipa jina la biashara, Chalk Paint, na kopo lake likifika hapa ni la wenye nacho. Sisi tunayo jasi. Itigi, hapo mkoa wa jirani wa Singida, jasi inachimbwa, na unga wake wa kuchapia dari unauzwa kila duka la vifaa vya ujenzi. Kikombe kimoja cha rangi ya maji, theluthi ya kikombe cha unga wa jasi, na theluthi ya maji baridi. Koroga kwanza unga na maji mpaka mabonge yaishe, chuja kwa soksi ndefu ya kike iliyochanika, ndipo uchanganye na rangi. Tengeneza ya kutumia siku hiyo tu, maana jasi haisubiri. Uso wake ni wa ungaunga, unanyonya kila doa la chai, kwa hiyo unataka kufungwa kwa nta.

Na nta ndiyo furaha yangu. Wafugaji nyuki wa Manyoni na Tabora wanauza asali, na nta pia. Nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzi joto 62 hadi 64, kwa hiyo haihitaji moto mkali: iweke kwenye kopo, kopo kwenye sufuria ya maji ya moto. Ikishayeyuka, zima jiko kabisa, toka nalo nje, ndipo uongeze tapentaini mara tatu ya uzito wa nta. Nasisitiza nje na jiko limezimwa, mvuke wa tapentaini unawaka upesi. Ikipoa inakuwa laini ya kuchota kwa kitambaa. Paka kidogo, acha, sugua mpaka ing'ae. Haifai kwa meza ya kuwekea sufuria, kwa droo na viti ni nzuri mno. Kuna wanaosugua mbao kwa mafuta ya alizeti, kwa kuwa Singida yamejaa. Alizeti haikauki sawasawa, inabaki inanatanata, na kwa vumbi letu baada ya mwezi una kabati lenye manyoya.

Mikono na bawaba sina mengi ya kusema. Nunua vinavyofanana, pima umbali wa matundu kabla hujaenda mjini, basi.

Fedha zilitembea hivi: kabati na usafiri elfu 75. Andakoti 12,000, rangi 14,000, msasa 5,000, gundi 4,000, tapentaini 4,000, brashi mbili 5,000, mikono ya droo na milango 6,000, bawaba 4,000. Inafika 129,000. Polishi ya spiriti ilikuwepo ndani. Seremala niliyemuuliza bei ya kabati jipya la msindano la vipimo hivyo alitaja karibu laki tatu, na kwa mbao za siku hizi, ambazo zinafika kiwandani zikiwa mbichi, lingeanza kusinyaa likiwa kwangu.

Watu wananiuliza kama hii ni biashara. Inaweza kuwa, kwa mtu mwenye baraza pana na moyo wa kungoja. Hesabu haiharibiwi na bei ya rangi, inaharibiwa na siku. Rangi ya mafuta ikikauka mkononi haijakomaa, inaendelea kukaza wiki tatu hadi nne. Ndani ya muda huo ukipanga sahani zinaacha alama, ukifunga mlango kwa nguvu unashikamana na fremu, na ukitandika gazeti unabaki na vichwa vya habari kwenye shelfu. Namruhusu mtu kuchukua kabati baada ya wiki moja, milango iachwe wazi, nguo nyepesi tu ndani, vyombo vizito mwezi ukiisha. Wanunuzi wengi wanaona nawazungusha. Mmoja alitaka kulichukua jioni hiyohiyo niliyopaka koti ya mwisho, kirikuu ameshaita, tena barabara ya vumbi. Nilimrudishia kianzio chake, na kabati likauzwa kwa mwingine baadaye, kwa bei pungufu kidogo.